Barua ya wazi kwa Bodi ya Barabara ya Mkoa wa Mwanza: Tupeni njia moja yenye mwanga mpaka Mkolani

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Barabara ya Mkoa,
Mwanza.

Nakala: Madiwani wa Nyamagana, watendaji wa kata zote zinazopitiwa na Barabara ya Kenyatta, na yeyote anayeshika ufunguo wa boksi la taa.

Waheshimiwa,

YAH: NJIA YA BAISKELI YENYE MWANGA KUTOKA MJINI HADI MKOLANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Mkolani, na usafiri wangu ni baiskeli. Nina swali ambalo nimewauliza mafundi baiskeli, walinzi, wauza maziwa na vijana wanaofanya mazoezi jioni, na karibu kila mmoja ameanza kujibu kwa kucheka. Swali lenyewe ni hili: usiku, kutoka mjini kati mpaka Mkolani, mtu apite wapi ili awe kwenye mwanga mwanzo hadi mwisho? Jibu huja kwa vipande. Shika barabara kubwa mpaka mahali fulani, halafu ongeza umakini, halafu kata uingie ndani, halafu washa tochi ya simu, halafu Mungu yupo. Hayo si maelekezo ya njia. Ni dua ya safari.

Nawaandikia ninyi, na si ofisi moja moja, kwa sababu mnaijua vizuri kuliko mimi shida ya barabara zetu kuwa na wenyewe wengi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mjini na vijijini, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Halmashauri ina yake, TANESCO ina yake, na mkandarasi ambaye hajamaliza kukabidhi kazi naye ana yake. Mwenye baiskeli huwapitia hao wote katika safari moja ya kurudi nyumbani, wala hapigi hodi kwa yeyote. Bodi yenu, chini ya Mkuu wa Mkoa, ndiyo meza ninayoijua ambapo wenye barabara hizi hukaa pamoja na kuulizana. Kwa hiyo nayaweka malalamiko mezani kwenu, kwa namba, ili yasipotee.

1. Taa zimefuata malori, utulivu umebaki gizani.

Mji wetu umebanwa kati ya mawe na ziwa. Wageni huyapiga picha mawe yetu. Sisi tunayajua kwa jinsi yanavyotunyima barabara. Huku kusini hakuna njia tano zinazokwenda sambamba mtu akachagua aipendayo. Ipo Kenyatta: unatoka mjini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, mpaka Usagara inakogawanyika, moja ikaenda Shinyanga na nyingine Kigongo. Hiyo ndiyo ya mabasi yanayoingia na kutoka Stendi ya Nyegezi, ya daladala, ya malori ya mizigo, ya bodaboda na bajaji, na ndiyo hiyo hiyo ya mzee mwenye baiskeli ya Phoenix na madumu mawili ya maziwa kwenye keria.

Kisha limekuja daraja. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, gari linalotoka Sengerema, Geita au Bukoba halipangi tena foleni ya kivuko Busisi. Kilometa 3 juu ya maji, dakika chache, umevuka. Ni neema, na sitaki mtu asome barua hii akadhani nalilalamikia daraja. Ninachosema ni kwamba kivuko kilikuwa kikituletea magari kwa mafungu. Daraja linayaleta mfululizo, usiku na mchana, na mengi yakifika Usagara huendelea mpaka Buhongwa, na baada ya Buhongwa ni sisi. Barabara iliyopokea mzigo huo ndiyo tunayoambiwa tuipite na baiskeli kwa sababu eti ndiyo yenye taa.

Upande mwingine ziko barabara za ndani: za mitaa ya Mkolani yenyewe, za kuelekea Malimbe kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, za Luchelele kule ziwani. Huko mwenye baiskeli angepumua. Magari ni machache, na matuta na mashimo yenyewe huwafundisha madereva ustaarabu. Lakini usiku, mwanga unaoupata huko ni wa duka la mtu au wa geti la mtu. Mwenye duka akifunga, anafunga na mwanga wake. Kinachobaki ni mtaro usio na kifuniko upande mmoja, jiwe lililoachwa na mafundi upande wa pili, na wewe katikati unapiga kengele ili mtembea kwa miguu ajue upo.

Anayepanga safari ya jioni, basi, anawekewa mambo mawili achague: aonekane huku lori likimpita karibu na kiwiko, au akae mbali na lori asiuone mtaro. Nasema kwa heshima kwamba hali hii haikuletwa na mawe wala na ziwa. Imeletwa na desturi ya kuweka taa kwa kufuata hadhi ya barabara na mradi uliokuwa na fedha mwaka huo, pasipo kuuliza watu wanapita wapi jua likizama. Na si kwamba haiwezekani. Mradi wa Miji ya Kimkakati, ule wa TSCP uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikwisha kutuonyesha ndani ya jiji hili kwamba barabara ya mtaani nayo inaweza kupata lami, mitaro na taa kwa mkupuo mmoja. Sasa tuko kwenye mradi uliofuata, wa TACTIC. Tunachoomba ni kwamba safari hii mtu achore ramani ya safari za watu kabla ya kuchora ramani ya nguzo.

2. Mwanga unaokatika ni mtego.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa nadhani ndipo penye kiini na ndipo pasipozungumzwa. Taa za barabarani huhesabiwa: barabara fulani ina taa, fulani haina. Kwa aliye ndani ya gari hesabu hiyo inatosha, anazo taa zake mbele. Kwa aliye juu ya baiskeli, barabara yenye taa zinazowaka kwa kurukaruka inaweza kuwa mbaya kuliko isiyo na taa kabisa.

Sababu iko kwenye jicho. Mtu akitoka penye mwanga akaingia gizani, jicho lake halianzi kuona papo hapo. Huchukua dakika kadhaa kupata nafuu, na kuzoea kabisa ni dakika ishirini hadi thelathini. Baiskeli inayokwenda mwendo wa kawaida, kilometa 15 kwa saa, inamaliza mita 250 kwa dakika moja. Nguzo nne zikizimika mfululizo, umeshafika ng'ambo ya giza kabla jicho halijafunguka, na hapo unapokelewa na mwanga mwingine unaoanza kulipofua upya. Anayetembea kwenye giza tupu tangu mwanzo angalau macho yake yameshazoea.

Kuna kipande ninachokipita ambako nguzo zipo, taa zimefungwa juu yake, mwanga hakuna. Sitakitaja. Nikikitaja mtakirekebisha hicho kimoja, na barua hii itahesabiwa kuwa imejibiwa. Lakini nitaeleza kilivyo. Taa ya mwisho inayowaka iko karibu na kibanda cha chipsi. Ukishaipita, kivuli chako kinakutangulia, kinarefuka, kinafifia, kinapotea. Hapo hapo ndipo bega la barabara nalo linapokwisha: lami imemeguliwa na maji ya mvua, ukingo umebaki na ngazi ya kimo cha kiganja, chini yake changarawe. Gari la nyuma yako limewasha taa kali. La mbele yako nalo limewasha kali, kwa kuwa dereva wake naye haoni. Ukiwa kati ya mianga hiyo miwili huoni kitu chochote, na unajua kwamba hata wao hawakuoni. Unabaki na masikio. Unasikiliza kama injini inapunguza.

Dereva naye simlaumu kwa kila kitu. Akishika ule mwendo wa kilometa 50 kwa saa uliowekwa kwa maeneo ya makazi, kila sekunde anakula mita 14. Na mnajua kama mimi ni wangapi huushika usiku. Mtu asiye na kiakisi mwanga anamtokea ghafla, akiwa amekwisha kumkaribia.

3. Mwanga unamwagwa katikati, sisi tuko pembeni.

Hili ni fupi. Taa zinapoelekezwa katikati ya lami, bega linapata masalia. Kisha bega hilo hilo hugeuzwa maegesho: lori lililoharibika lenye matawi ya miti nyuma yake, bodaboda wanaosubiri abiria, mama wa ndizi na beseni lake. Wa mwisho huyo sitaki afukuzwe. Lori ndilo linalonitoa nyumbani kwangu, yaani pembeni, likanisukuma katikati ya barabara bila mtu yeyote kuniona nikitoka.

Dar es Salaam waliweka njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro walipojenga mradi wa mabasi yaendayo haraka. Yeyote aliyepita pale amekutana na pikipiki na biashara juu ya njia hizo. Maana yake, kuchora mstari chini hakutoshi kama hakuna anayeusimamia.

4. Jioni si ya wanamichezo peke yao.

Nimesikia ikisemwa kwamba baiskeli za usiku ni starehe ya watu wa kofia ngumu na suruali za kubana. Wapo, na ni ndugu zetu. Afya yao ni ya taifa pia. Lakini kaeni kando ya barabara pale Nyegezi Kona kuanzia saa 12 jioni mtazame. Walinzi wanaingia lindo. Saruji imekauka mikononi mwa fundi anayerudi kutoka saiti, mwiko na pima maji vimefungwa kwa mpira kwenye keria. Muuza samaki amebakiwa na sato watatu kwenye ndoo na anawahi kuwauza kabla hawajalegea. Mwanafunzi wa chuo amechelewa maktaba. Mama amefunga genge lake. Usukumani mwanamke kupanda baiskeli si habari ya kumshangaza mtu, ila ikifika saa 2 usiku mnawahesabu kwa vidole, na sababu kila mmoja anaijua: kipande cha giza kina vibaka, na kibaka hamwachi mwenye baiskeli kwa kuwa baiskeli yenyewe ni mali.

Tena hapa si pa kuieleza baiskeli kama kitu kigeni. Kabla bodaboda haijatamalaki, watu wa Mwanza na Shinyanga walibebwa kwenye keria ya baiskeli kwa nauli, na baiskeli hizo zikaitwa daladala. Mbio za baiskeli zilizodhaminiwa na Vodacom zilifanyika hapa hapa Mwanza. Mkoa uliozoea kushangilia baiskeli mchana unashindwaje kuiwekea taa usiku?

Ipo hoja nyingine hunong'onwa: mwenye baiskeli halipi tozo ya mafuta, na Mfuko wa Barabara unajazwa na mafuta. Ni kweli hanunui petroli. Lakini mchele, sukari na saruji anavyonunua vimebebwa kwa mafuta, na gharama yake imo kwenye bei. Tena tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mlinzi aliyepanga chumba kimoja Mkolani, asiyemiliki hata tofali, akinunua umeme kwenye mita ya nyumba hiyo anakatwa. Analipa kodi ya nyumba isiyo yake. Taa moja njiani kwake haitakuwa hisani.

5. Saa ya Mwanza si saa ya Dar es Salaam.

Hili huwa linasahaulika kwa sababu nchi nzima tunatumia saa moja. Sisi tuko magharibi. Jua letu huzama, kutegemea mwezi, kati ya saa 12 na dakika 35 jioni na muda mfupi baada ya saa 1 usiku, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, likizama limezama. Giza haliji kwa mwaliko. Wengi hulichukulia hilo kuwa faida, kwamba sisi tunachelewa kuingia gizani. Sawa. Ila tunalipa asubuhi. Jua letu huchomoza kuanzia kama saa 12 na nusu, na miezi mingine linakaribia saa 1 kamili. Muuza maziwa aliyetoka Misungwi saa 11 alfajiri, na mtoto anayetakiwa awe shuleni kabla ya saa 1, wote wanasafiri usiku ingawa kalenda inaita asubuhi.

Kama zipo taa zinazowashwa na kuzimwa kwa saa iliyopangwa, naomba mtu aikague hiyo saa. Taa inayozimwa saa 12 kamili asubuhi ingefaa Dar es Salaam miezi kadhaa. Hapa inazimwa wakati inahitajika kuliko saa nyingine yoyote.

6. Hakuna anayekubali kuwa mwenye taa.

Niliwahi kupiga simu kwenye ofisi moja kuulizia taa zilizozimika. Sitaitaja, maana aliyepokea alikuwa mtu muungwana na si yeye aliyeuunda utaratibu. Aliniambia, "Ndugu yangu, hiyo nguzo iko kwenye barabara yetu lakini taa hatujakabidhiwa." Nikaelekezwa kwingine. Huko nikaambiwa wao wanahusika na umeme kufika kwenye boksi, baada ya boksi si wao. Wa tatu alinishauri niandike barua.

Basi, ndiyo hii.

Nguzo nyingi nilizokagua kwa macho yangu hazina namba inayosomeka. Mtu akitaka kuripoti anasema "ile ya karibu na mwembe, mkono wa kushoto ukitokea Buhongwa". Kwa utaratibu huo hata fundi mwenye nia njema atafunga balbu kwenye mwembe usiohusika. Kule Bukoba, msimu wa senene wanaofuata mwanga wa taa, watoto wenye chupa zao wanajua taa ipi inawaka na ipi imekufa. Sidhani kama ipo rejista ya serikali inayowashinda.

Waheshimiwa, najua majibu yaliyozoeleka, na nayaheshimu, kwa hiyo niyajibu mapema nisiwapotezee kikao.

Umeme: Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Nchi iliyofika hapo haiwezi kuendelea kusema taa za mtaani zitaielemea, hasa taa za siku hizi za LED zinazokula umeme kidogo kuliko zile za njano za zamani. Na palipo mbali na laini, sola ipo.

Wizi wa nyaya na betri: upo, na unaudhi. Lakini huku ni Usukuma, ndiko sungusungu walikotokea miaka ya themanini. Hatuhitaji semina ya ulinzi wa mtaa. Mkandarasi akija na kuondoka bila mwenyekiti wa mtaa kuambiwa nguzo zipo ngapi na zimewekwa lini, nani atajua kilichoibwa? Tukabidhiwe kwa maandishi, tutalinda.

Fedha: hapa sina ubishi, hazitoshi, hazijawahi kutosha. Ndiyo maana siombi Mwanza nzima iwashwe. Naomba njia moja.

Sasa maombi yenyewe.

(a) Chagueni njia moja ya baiskeli kati ya mjini na Mkolani, na mkiweza ifike Buhongwa. Si lazima iwe Kenyatta tupu. Inaweza kushika Kenyatta pale isipoepukika, ikaingia barabara za ndani pale ilipo nafasi, ikatoka tena. Sharti langu ni moja: isikatike. Ni afadhali kilometa nne zenye mwanga usio na pengo kuliko kilometa kumi na tano za kurukaruka. Anzeni na kipande cha Nyegezi hadi Mkolani, ambako wanaoteremka stendi, wanaotoka chuoni na wanaotoka kazini wote wanakutana. Kabla ya kuchora, tumeni watu wawili wakahesabu baiskeli, saa 12 hadi saa 3 usiku na saa 11 hadi saa 1 asubuhi. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu mwelekezi. Vijana wa chuo wapo, kalamu zipo.

(b) Kila nguzo ipewe namba iliyopakwa rangi, isomeke kutoka barabarani, na chini yake iandikwe simu moja. Moja tu. Anayepokea ndiye atafute ni ya nani. Isiwe kazi ya raia kujua mipaka ya TANROADS na TARURA akiwa amesimama gizani. Orodha ya namba hizo ibandikwe kila ofisi ya kata, ikionyesha inayowaka na isiyowaka, na ihuishwe kila mwezi. Tukipata orodha hiyo, hata kabla hamjaongeza taa moja, mtu ataweza kupanga njia yake ya jioni kwa akili badala ya kwa bahati. Hili halina gharama ya kutisha na lingeweza kuanza mwezi huu.

(c) Kwenye njia hiyo, bega lizibwe mashimo, kingo zilizomeguka zirudishwe, mitaro ifunikwe angalau kwenye makutano na vituo, na mstari mweupe wa pembeni upakwe ule wenye kuakisi mwanga. Mstari huo peke yake, taa ikiwa imezimika, humwonyesha mtu mwisho wa barabara.

(d) Magari mabovu yaondolewe begani usiku huo huo. Polisi wa usalama barabarani wanajua namna.

(e) Inapozungumzwa habari ya kuipanua Kenyatta, njia ya baiskeli iwe kwenye mchoro wa kwanza. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu. Wapo watu waliobomolewa au kuwekewa alama ya X kwa ajili ya mita hizo. Haitakuwa haki wapishe nyumba zao kisha ikosekane hata mita moja na nusu ya mtoto wao kupita na baiskeli.

Kwa upande wetu sisi wa baiskeli, nasi hatuji mikono mitupu. Baiskeli nyingi za mtaani hazina taa wala kiakisi, dinamo zilishaachwa kwa kuwa gurudumu linakuwa zito, na wapo wanaopita upande usio wao wakidai wanaona magari vizuri. Hilo ni kosa letu, na halifichwi na kosa la taa. Mafundi baiskeli wa huku nimezungumza nao. Wako tayari kufunga viakisi bure kwa atakayevileta, na kumkatalia kwa maneno makali atakayekuja na breki moja. Tukipewa nafasi ya dakika kumi kwenye mikutano ya mitaa tutayasema hayo wenyewe. Askari wa usalama barabarani akija kutuelimisha kabla ya kutukamata, tutamkaribisha na chai.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Sina haja ya kuwaongezea takwimu. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.1 kwenye sensa ya 2022, na jiji linazidi kusogea kusini, kiwanja kwa kiwanja, kuelekea kwetu na kutupita. Kila nyumba mpya inayojengwa Mkolani na Buhongwa inaongeza mtu mwingine anayerudi usiku. Wengine watanunua pikipiki, na hao tunajua hospitali zinavyowapokea. Wengine watabaki na baiskeli kwa kuwa ndiyo mfuko unaoruhusu.

Ninaomba suala hili liingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, na kama fedha zinahitajika, ziombwe mapema ziwemo kwenye mwaka wa fedha utakaoanza tarehe 1 Julai. Jibu likiweza kutoka kabla ya tarehe 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, tutakuwa na jambo la kusherehekea zaidi ya fulana. Jibu la hapana pia ni jibu, mradi liseme nani amekataa na kwa sababu gani.

Jibu hilo libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Tutapita kulisoma mchana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwendesha baiskeli,
Mkolani, Nyamagana.